Njano Mbili na Chumba Kimoja

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hiyo tumeisikia tangu utotoni, tumeikariri shuleni, na siku zote tulidhani tumeielewa. Kumbe hatukuielewa barabara mpaka siku tulipojikuta tumesimama mbele ya makopo mawili ya rangi ya manjano, na chumba kimoja tu cha kupaka.

Chumba chenyewe kiko nyumbani kwetu Buyenzi, mjini Bujumbura. Upana wake ni hatua nne, urefu wake hatua tano, na dirisha lake ni moja, nalo latazama mashariki. Kwa miaka mingi kilikuwa ghala ya magunia na baiskeli mbovu. Kisha binti yetu akatuarifu kwamba anarudi kukaa nasi pamoja na mwanawe wa miezi minane, mtoto aliyekwisha kuanza kutambaa. Magunia yakatolewa, sakafu ikasuguliwa, dirisha likatiwa kioo. Ikabaki rangi.

Juu ya rangi hapakuwa na mjadala mrefu. Mama yetu mzazi, ambaye macho yake yamefifia kwa umri, alisema kwamba chumba kiwe cha manjano, maana hiyo ndiyo rangi anayoiona bado vizuri akiingia mahali penye giza. Neno la mzazi halina rufani. Taabu ilianza pale yalipofika makopo mawili badala ya moja.

Kopo la kwanza lililetwa na shemeji yetu kama zawadi ya kumpokea mjukuu. Lilikuwa rangi ya mafuta, njano kali kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji, yenye kung'aa hata kabla ya kukauka. Kopo la pili lilichanganywa na fundi wetu wa rangi, mzee aliyeshika brashi tangu ujana wake. Yeye alichukua chokaa, akatia unga wa udongo wa manjano, akakoroga kwa mti mpaka ukapatikana uji wa rangi ya ganda la mkate. Njano hizi mbili zikawekwa kizingitini, nasi tukaulizwa tuchague.

MANJANO YA NINI?

Hebu kwanza tulitazame neno lenyewe. Rangi nyingi katika lugha yetu zimeazima majina yake kwa vitu. Kahawia imetoka kwa kahawa, kijani imetoka kwa majani, kijivu imetoka kwa jivu. Hali kadhalika manjano ni jina la kile kiungo kinachosagwa na kutiwa katika mchuzi, nacho huitia madoa nguo ya mpishi. Kwa hiyo mtu anayesema manjano hajamaliza kusema mpaka aeleze manjano ya nini: ya ndimu iliyoiva, ya ndizi mbivu, ya ua la alizeti, au ya udongo wa mtoni.

Na jambo la ajabu ni kwamba kile kiungo kilichoipa rangi jina hakifai kupakwa ukutani. Njano yake ni nzuri, lakini mwanga huila upesi; kitambaa kilichotiwa manjano kikianikwa juani hupauka. Kumbe rangi si sura tu. Rangi ni kitu chenye mwili wake, chenye asili yake na tabia yake, na anayechagua rangi kwa macho peke yake amechagua nusu tu ya kile anachokileta nyumbani.

MWANGA WA CHUMBA

Fundi wetu hakukubali tuamue kwa kutazama ndani ya kopo. Alitwaa vipande viwili vya mbao, kila kimoja chenye ukubwa wa mlango wa kabati, akavipaka mara mbili na kuviacha vikauke. Kisha akasema: "Mzee, viwekeni penye dirisha asubuhi, muviweke pembeni alasiri, na usiku muvitazame kwa taa. Baada ya siku tatu niiteni."

Tulimtii, na tulijifunza mengi. Mji wetu uko karibu na mstari wa ikweta, takriban nyuzi tatu kusini yake. Jua letu huchomoza kiasi cha saa kumi na mbili alfajiri na kutua kiasi cha saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Chumba chenye dirisha la mashariki hupata mwanga mkali asubuhi, na baada ya adhuhuri hubaki katika kivuli. Asubuhi, njano ya shemeji ilitupiga machoni hata tukafumba. Alasiri, kipande kile kile, kikiwa pembeni, kilianza kuonekana chenye kijani kibovu, mithili ya uso wa mtu mwenye homa. Hii ndiyo tabia ya njano kali: ikikosa mwanga huelekea kijani. Njano ya udongo nayo ilikuwa kama mkate asubuhi na kama ardhi jioni, wala haikugeuka sura.

Pia tulielezwa jambo ambalo wengi hulisahau. Rangi iliyo juu ya kibao kimoja si ile ile ikiwa juu ya kuta nne. Ukuta hutupa mwanga wake juu ya ukuta unaoukabili, na huo nao huurudisha, hivyo rangi huongezeka nguvu kwa kukopeshana. Njano inayopendeza kwenye kijikaratasi cha dukani huweza kuwa kelele chumbani. Ndiyo maana mafundi wa zamani humshauri mtu achague iliyo pole kuliko ile aliyoipenda dukani.

Hata hivyo, ni lazima tuseme kweli. Kwa macho, mshindi alikuwa njano ya shemeji. Mama aliipapasa kwa mkono, akaikaribia, akatabasamu. Ile ya udongo alisema ni nzuri, lakini alisema kwa adabu.

WALIOTUTANGULIA

Si sisi wa kwanza kuhangaika hivi. Mchoraji mashuhuri wa Ufaransa, Claude Monet, alihamia kijiji cha Giverny mwaka 1883, akainunua nyumba aliyokuwa amepanga mwaka 1890. Chumba chake cha kulia chakula alikipaka njano mbili, moja kali zaidi na nyingine pole, kuta na makabati pia, na juu yake akatundika picha zilizochapwa Ujapani. Nyumba hiyo ilitengenezwa upya na kufunguliwa kwa wageni mwaka 1980, na hata leo watu huenda kukitazama chumba hicho. Monet alikuwa na bahati: aliweza kuamua shauri kwa kuzichukua njano zote mbili.

Huko Marekani, Thomas Jefferson, aliyekuwa rais wa 3 wa nchi hiyo, alikipaka chumba cha kulia cha nyumba yake ya Monticello, mnamo mwaka 1815 hivi, njano mpya iliyokuwa fahari ya wakati huo. Baadaye chumba kilipakwa rangi nyingine, na kwa miaka mingi wageni walikiona kikiwa buluu. Wachunguzi walipochambua matabaka ya rangi waliikuta ile njano chini, na mwaka 2010 chumba kikarudishiwa rangi yake. Wageni wengi walishtuka. Walikuwa wamezoea upole, wakakutana na ukali.

Wa tatu ni Vincent van Gogh. Mwezi wa Mei 1888 alipanga vyumba katika nyumba moja mjini Arles, kusini mwa Ufaransa, nyumba ambayo kuta zake za nje zilikuwa za manjano. Mwezi wa Agosti mwaka huo alichora picha za alizeti ili kupamba humo chumba cha rafiki yake Paul Gauguin, aliyefika mwezi wa Oktoba na kuondoka kabla ya mwaka kwisha. Nyumba ile haipo tena. Ilibomolewa baada ya kupigwa bomu katika vita mwaka 1944. Lakini alizeti zimebaki, nazo zinatupa funzo. Mwaka 2011 wanasayansi walitangaza sababu ya baadhi ya njano za van Gogh kugeuka kahawia: mwanga unaibadilisha ile rangi yenyewe. Tena walionyesha kwamba njano hiyo haikuwa ya aina moja. Ile nyepesi, iliyo karibu na rangi ya ndimu, huharibika upesi kuliko ile nzito.

Njano ya Jefferson na njano ya van Gogh zilikuwa za ukoo mmoja. Na kwa kadiri fundi wetu alivyoshuku, njano ya shemeji yetu ilikuwa ndugu yao.

KILICHOMO KATIKA KOPO

Mwaka 1797 mwanakemia wa Ufaransa, Louis-Nicolas Vauquelin, alipokuwa akichunguza jiwe jekundu lililotoka Siberia, aligundua ndani yake metali iliyokuwa haijajulikana. Metali hiyo ilipewa jina la kromiamu, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya rangi, kwani kila ilipochanganywa na kitu ilitoa rangi mpya. Ilipounganishwa na metali ya risasi ilizaa unga wa njano kali kupita njano zote zilizokuwepo. Unga huo ulienea duniani upesi: katika picha, katika nyumba, katika magari, katika alama za barabarani.

Hesabu yake ni rahisi, na kila mwanafunzi wa kemia aweza kuifanya. Katika gramu 100 za unga huo, gramu 64 ni risasi. Yaani anayepaka njano hiyo ukutani anapaka risasi iliyovaa nguo ya sherehe. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini kipande cha mti hakimdhuru mtu.

Wala hii si njano ya kwanza yenye hila. Wamisri wa kale walitumia njano iliyotokana na jiwe lenye zarniki, ambayo ni sumu inayojulikana. Njano nyingine ya zamani iliyopewa jina la mji wa Naples nayo ilikuwa na risasi. Kwa karne nyingi, aliyetaka njano yenye kung'aa alilazimika kuinunua pamoja na sumu yake.

Fundi wetu hakuyasoma haya kitabuni. Alilinyanyua kopo la shemeji kwa mkono mmoja, kisha akalinyanyua tena, akasema: "Mzee, hii ni ya malango ya chuma na mabodi ya malori. Ni nzito mno." Tulilizungusha kopo. Karatasi yake ilikuwa imechanika. Halikuwa na jina la kilichomo, halikuwa na mwaka, wala halikuwa na neno lolote juu ya risasi. Tunakiri kwamba uzito peke yake si ushahidi, wala jicho la binadamu haliwezi kuiona risasi ndani ya rangi. Ni maabara tu inayoweza kuthibitisha. Lakini pasipo maabara, na pasipo maandishi, kopo lisilojieleza ni kopo la kushukiwa.

RISASI ISIYO NA BUNDUKI

Lugha yetu imeipa metali hii jina lile lile la kitu kitokacho katika mtutu wa bunduki. Tofauti ni kwamba ile ya bunduki hupiga kelele, na hii hunyamaza. Rangi ikizeeka hupasuka, ikabanduka, ikasagika kuwa vumbi. Vumbi hukaa sakafuni na kwenye kizingiti cha dirisha. Na nani aishiye sakafuni? Ni mtoto atambaaye, ambaye kila anachokishika hukipeleka kinywani.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama. Linasema vile vile kwamba mwili wa mtoto mdogo huweza kufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima kutokana na kiasi kile kile kilichomezwa. Risasi ikiingia hukaa katika meno na mifupa, na mwanamke aliyeihifadhi mifupani tangu utoto huweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Huharibu ubongo unaokua. Mtoto haanguki siku ile ile, wala halii. Ila miaka baadaye mwalimu hulalamika kwamba hashiki masomo, na wazazi humlaumu kwa uvivu. Huo ndio ubaya wake: madhara hukosa jina, na mwenye kuadhibiwa ni yule aliyedhurika.

Wala dunia haikukosa kuonywa. Mwaka 1904, katika mji wa Brisbane huko Australia, daktari wa macho aitwaye John Lockhart Gibson alieleza kwamba watoto waliomjia wakiwa wagonjwa walikuwa wamepata sumu kutokana na rangi ya kuta na vizuizi vya baraza za nyumba zao. Mwaka 1921, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha huko Geneva mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi katika upakaji wa ndani ya nyumba, kwa ajili ya kuwalinda mafundi. Marekani ilisubiri hadi 1978 kuondoa rangi yenye risasi katika matumizi ya nyumbani. Tangu sauti ya daktari yule hadi sheria ile ikapita miaka 74.

Hata mabasi ya manjano ya wanafunzi wa Marekani yana kisa chake. Rangi yake ilipatanishwa mwaka 1939 katika mkutano uliofanyika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa sababu maandishi meusi juu yake yasomeka vyema alfajiri. Jina la rangi hiyo lilitajwa pamoja na kromu, kwa maana ilikuwa njano ya risasi. Baadaye risasi iliondolewa na jina likabadilishwa, na mabasi yakabaki ya manjano vile vile. Jambo hili tunaomba lizingatiwe sana: njano kali haina lazima ya kuwa na risasi. Zipo leo njano kali zilizotengenezwa kwa namna nyingine, na mwenye kuitaka aweza kuipata bila sumu, maadamu kopo lake limejieleza na muuzaji yuko tayari kuulizwa.

Kipimo kinachopendekezwa siku hizi ni kwamba risasi isizidi sehemu 90 katika sehemu milioni moja za rangi iliyokauka. Kenya, Tanzania na Ethiopia ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizokikubali kipimo hicho. Lakini kanuni iliyo katika daftari la serikali haiwezi kuingia katika kila duka la mtaani, wala haiwezi kulirudisha kopo la zamani lililofichwa chini ya kitanda. Na katika rangi zote za mafuta, ni njano na nyekundu ambazo wachunguzi huzikuta mara nyingi zina risasi nyingi kuliko nyeupe.

UDONGO WA MANJANO

Sasa tuigeukie njano ya pili, ile aliyoisifu Mama kwa adabu tu.

Njano ya udongo ni kutu. Ni chuma kilichoungana na hewa na maji ardhini. Ukiuchoma unga wake motoni, maji hutoka, na njano hugeuka nyekundu, ile nyekundu tuijuayo katika matofali yetu na katika vumbi la barabara za nchi hii. Njano na nyekundu ya ardhi ni ndugu wa tumbo moja, mmoja amepita motoni na mwingine hakupita.

Ukongwe wake hauna mfano. Katika pango la Blombos, pwani ya Afrika Kusini, wachimbuzi walikuta makombe ya baharini yenye mabaki ya rangi ya udongo iliyochanganywa na binadamu yapata miaka 100,000 iliyopita; habari hizo zilitangazwa mwaka 2011. Huko Ngwenya, katika nchi ya Eswatini, watu walichimba udongo wa rangi zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Kwa hiyo kabla ya Ulaya kuwa na duka la rangi, Waafrika walikwisha kujua kuchanganya. Huko Ufaransa nako, kijiji cha Roussillon kilipata sifa kwa machimbo ya udongo huo huo, na majabali yake ya manjano na mekundu yangali yakitembelewa.

Tabia yake ni ya mtu mwaminifu. Jua haliipaushi. Chokaa haiigombanishi, ambapo njano ya kromu ikitiwa katika chokaa hupoteza usafi wake na kuelekea rangi ya chungwa. Isipokuwa ina masharti yake. Fundi alitueleza kwamba unga wa rangi usizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chokaa, la sivyo ukuta utaacha rangi kwenye nguo ya kila anayeuegemea. Ipakwe nyepesi nyepesi, mara tatu au nne, juu ya ukuta uliolowanishwa kidogo. Wala mtu asitishike ikionekana nzito ingali mbichi, kwani ikikauka hufifia sana. Na chokaa yenyewe huchoma, kwa hiyo macho yalindwe na watoto wakae mbali mpaka ukuta ukauke. Tena anunuaye unga amwulize muuzaji kama ni udongo mtupu, maana wapo wanaoutia chumvi kwa rangi nyingine ili ung'ae.

Kasoro yake ni moja: haishangilii. Haimwiti mgeni kutoka barabarani. Humngoja aingie, akae, azoee.

SHAURI LA NYUMBANI

Tulijua sasa la kufanya, lakini kujua si kutenda. Zawadi ya shemeji haikataliwi hivi hivi. Yeye alikuwa amelibeba kopo lile kwa mikono yake, kwa furaha, kwa ajili ya mtoto. Kumwambia kwamba ameleta sumu ni kumvunjia heshima. Kunyamaza na kuipaka ni kumvunjia heshima mtoto, ambaye hawezi kusema.

Tulimwalika jioni, tukala pamoja, na baada ya chai tukamwuliza kwa upole kopo limetoka wapi. Akasema alilipata katika karakana moja ya malori, mabaki ya kazi. Tukamweleza tuliyoyajua. Mwanzoni alikunja uso. "Shemeji," akasema, "rangi hiyo nimeipaka kwangu miaka sita iliyopita, na hakuna aliyekufa." Hatukumjibu. Fundi ndiye aliyemwuliza kama rangi ile ya kwake ingali imara, au imeanza kubanduka. Shemeji akakaa kimya kitambo. Kisha akasema kwamba inabanduka upande wa kitanda cha wanawe, na kwamba alikuwa amepanga kuikwangua kwa msasa siku ya Jumamosi.

Hapo mazungumzo yetu yakaacha kuwa ya chumba chetu. Fundi alimsihi asiguse ukuta ule kwa msasa mkavu, wala asiuchome kwa moto, kwa maana kufanya hivyo ni kuigeuza rangi kuwa vumbi na moshi wa kuvutwa na nyumba nzima. Alimweleza njia iliyo salama zaidi. Watoto wahamishwe. Vyombo na matandiko yatolewe. Ukuta ulowanishwe kwa maji, na vipande vilivyolegea tu vikwanguliwe vikiwa vimelowa. Mabaki yakusanywe juu ya turubai na kufungwa, yasitupwe bustanini. Sakafu ipigwe deki kwa maji na sabuni, mara mbili, bila kufagiwa kwa ufagio mkavu. Sehemu iliyo imara iachwe mahali pake na kufunikwa kwa rangi nyingine isiyo na risasi. Na mfanyaji abadilishe nguo kabla ya kumpakata mtoto. Tena tulimshauri shemeji awapeleke wanawe kwa daktari na kumweleza habari za ukuta huo, kwa maana damu ikipimwa ndipo ukweli hujulikana.

Shemeji aliondoka usiku bila maneno mengi. Jumamosi ilipofika hakushika msasa. Alikuja kumchukua fundi.

Sisi nasi tulikipaka chumba chetu njano ya udongo, mara nne. Mara ya kwanza binti yetu alidhani fundi ametuibia rangi, jinsi ilivyokuwa imefifia. Mara ya nne chumba kilikuwa kimetulia. Mama aliingizwa humo asubuhi, wakati jua likipiga dirishani. Alisimama, akauliza kama hii ndiyo ile aliyoisema nzuri. Tukamjibu ndiyo. Akasema, "Naiona," akaomba kiti.

Kopo la shemeji lingali kwetu, limefungwa, limeandikwa kwa kalamu nzito, na limewekwa juu mahali pasipofikiwa na mtoto. Hatukulimwaga mferejini, kwani maji ya mfereji hufika ziwani, na ziwa ndilo tunaloteka. Hatukumgawia jirani, maana tusichokitaka chumbani mwetu hatuna haki ya kukipeleka chumbani mwa mwenzetu. Linangoja siku ambapo mwenye mamlaka atatuonyesha mahali pa kulipeleka.

Basi, ndugu wasomaji, mtakapotaka kupamba nyumba zenu, msione haya kumwuliza muuzaji kilichomo ndani ya kopo. Ulizeni kama ina risasi. Tazameni kama imeandikwa. Asiyejua, mwacheni na rangi yake. Jaribuni kwa kibao, asubuhi na jioni, kabla ya kupaka kuta nne. Na mkiwa na ukuta wa zamani unaobanduka, msiuguse kwa msasa mkavu. Rangi hupakwa kwa siku moja, nasi huishi nayo kwa miaka. Lakini kuna mmoja kati yetu ambaye huishi nayo kwa karibu kuliko wote, naye yuko chini sakafuni, mkono wake uko ukutani, na mkono huo u njiani kuelekea kinywani.